Tutunze nyasi kabla ya kuhesabu viti vipya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu viwanja vya michezo ambavyo Serikali inavijenga na kuvikarabati kwa ajili ya fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, ambazo nchi yetu imepewa kuziandaa pamoja na Kenya na Uganda. Nilifundisha michezo katika shule za sekondari mkoani Morogoro hadi nilipostaafu, na kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu kazi ya kwanza ya asubuhi ilikuwa kukagua uwanja kabla wanafunzi hawajaukanyaga. Kwa sababu hiyo, kila ninapotazama picha za majukwaa yanayopanda Arusha na Dodoma, macho yangu hushuka chini, mahali mpira utakapochezewa, na hapo ndipo ninapoingiwa na wasiwasi ninaotaka kuueleza.

Nianze kwa kukiri furaha yangu. Tarehe 27 Septemba 2023, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilipotangaza kwamba nchi hizi tatu zimeshinda, nilikumbuka kwamba Taifa Stars ilicheza fainali hizo kwa mara ya kwanza mjini Lagos mwaka 1980, na kwamba tulilazimika kusubiri hadi mwaka 2019 kule Misri ndipo tukarudi tena. Watu wa umri wangu wamekaa miaka 39 wakiwasimulia watoto wao juu ya safari moja tu. Leo tunazungumzia uwanja wa Arusha wa watazamaji 30,000, uliotengewa zaidi ya shilingi bilioni 280, uwanja mwingine wa watazamaji 32,000 makao makuu Dodoma, na kazi inayoendelea Fumba kwa ndugu zetu wa Zanzibar. Hakuna Serikali iliyotangulia iliyojenga viwanja vikubwa vingi kiasi hiki kwa wakati mmoja, na ninaipongeza kwa dhati. Ninachoomba ni kwamba fedha, akili na uangalizi unaokwenda kwenye zege na paa uende pia kwenye nyasi, kwenye watu wanaozitunza, na kwenye viwanja vidogo vya mazoezi ambavyo kamera za televisheni hazifiki.

Tunao mfano wetu wenyewe, wala hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta. Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007, ukiwa na viti 60,000, na ulijengwa kwa msaada mkubwa wa Serikali ya China. Mwezi Juni 2010 Brazil walikuja kucheza na Taifa Stars pale, na sisi tuliokuwapo hatukuamini kwamba tuko Temeke. Miaka ilipopita, taa zilianza kutusaliti: tarehe 30 Aprili 2023 zilizimika Yanga ikicheza na Rivers United ya Nigeria katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho, na mchezo ukasimama mbele ya macho ya Afrika nzima. Mwaka huohuo ukarabati wa takriban shilingi bilioni 31 ulianza, na tarehe 20 Oktoba 2023 uwanja ukapokea mchezo wa ufunguzi wa African Football League kati ya Simba na Al Ahly uliomalizika kwa sare ya 2-2. Tukadhani yamekwisha. Hata miaka miwili haikutimia: Machi 2025 CAF waliufungia uwanja huo kwa muda kutokana na ubora wa eneo la kuchezea, na Simba ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane ya Morocco, mchezo wa marudiano wa tarehe 25 Mei ulipelekwa Amaan, Zanzibar.

Sina nia ya kuidharau Amaan, ambayo imekarabatiwa vizuri na iliupokea mchezo ule kwa heshima. Hata hivyo watazamaji wanaoweza kuingia pale hawafikii theluthi moja ya wale wa Mkapa. Fikiria basi mapato ya mlangoni yaliyopotea, wenye bodaboda na mama lishe wa Chang'ombe na Keko waliokuwa wamejiandaa kwa siku ile, na vijana waliosafiri kutoka Mwanza na Mbeya wakiwa tayari wamelipa nauli. Viti vyote 60,000 vilikuwepo. Paa lilikuwepo na taa mpya zilikuwepo. Kilichoinyima nchi nafasi ya kuandaa fainali ya Afrika katika uwanja wake mkuu kilikuwa ni majani yasiyofika hata sentimita tatu kwa urefu, na udongo uliokuwa chini yake.

Hapa naomba mhariri na wasomaji wanivumilie, kwa sababu ndipo ninapotaka kukaa zaidi. Wengi wetu tunaiona nyasi kama rangi ya kijani iliyopakwa chini. Nyasi ni zao, kama mahindi au mpunga. Ukoka, ambao ndugu zake ndio hupandwa katika viwanja vya nchi za joto, hutambaa kwa vikonyo, hupenda jua kali la kutwa nzima, na hudhoofika haraka ukiwa kivulini. Kadiri tunavyowajengea watazamaji paa kubwa ili wasichomwe na jua, ndivyo tunavyoongeza sehemu za uwanja zinazokosa jua hilo kwa saa nyingi, hasa upande mmoja. Hilo si kosa la mjenzi, lakini linadai mtunzaji anayejua kwamba upande ule unahitaji ratiba yake ya maji, ya mbolea na ya kukatwa, tofauti na upande wa pili.

Kisha kuna udongo. Uwanja wa kisasa hupandwa juu ya tabaka la mchanga uliochaguliwa, na chini ya mchanga huo hulazwa mabomba ya kupokea maji na kuyatoa nje. Kila mchezo unapochezwa, wachezaji 22 wenye viatu vya njumu hushindilia tabaka hilo, na kila jukwaa la muziki, kila gari la vifaa na kila safu ya viti inayopangwa katikati ya uwanja hulishindilia mara nyingi zaidi. Tabaka likishashikana, maji hayapiti tena, mizizi hukosa hewa, na nyasi hufa kuanzia chini wakati juu bado zinaonekana nzima. Tiba yake inajulikana: kutoboatoboa udongo kwa mashine, kumwaga mchanga mpya na kuusawazisha, kupanda vikonyo palipo na upara, na juu ya yote kuupumzisha uwanja. Mapumziko hayanunuliwi kwa bilioni yoyote. Lazima mtu mwenye mamlaka aseme hapana, hata kama anayeomba uwanja ni mkubwa na shughuli yake ni njema.

Nakumbuka uwanja wa shule yangu ya mwisho, chini ya milima ya Uluguru, ambako masika huja na maji mengi. Tulikuwa na kanuni moja: mvua kubwa zikianza, uwanja hufungwa kwa wiki tatu, na mazoezi huhamia barabara ya vumbi nyuma ya mabweni. Wanafunzi walinichukia kila Aprili. Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba nawanyima watoto michezo, na mwalimu mkuu mmoja aliniuliza kwa upole uwanja una faida gani kama hauchezewi. Lakini ilipofika Juni, shule za jirani zilipokuwa zikicheza mashindano ya UMISSETA ya wilaya kwenye vumbi na mashimo, sisi tulikuwa na ukoka uliojaa kuanzia goli hadi goli, na vijana wangu walijifunza kuupokea mpira bila kuogopa kwamba utaruka usoni. Kiungo aliyekulia kwenye uwanja ulionyooka hucheza akiwa ameinua kichwa. Aliyekulia kwenye mashimo hucheza akiutazama mpira, na ukubwani hawezi tena kuliacha zoea hilo.

Uwanja ule leo haupo kama nilivyouacha. Miaka michache baada ya kustaafu kwangu sehemu yake ya kando ya barabara ilimegwa, vikajengwa vibanda vya biashara, na kilichobaki hakitoshi kwa timu mbili za watu kumi na mmoja. Sitaji jina la shule wala la waliotoa kibali, kwa sababu siandiki kwa ajili ya kushitaki. Nimelitaja jambo hili kwa kuwa najua si la shule moja, na kila msomaji wa barua hii anao uwanja wa utotoni mwake ambao leo ni gereji, kanisa, msikiti, soko au nyumba ya mtu.

Majirani na wenzetu wamekwisha kuonja uchungu huu, na ni vyema tujifunze kwao kabla ya siku yetu. Kenya ilinyang'anywa fainali za CHAN, yaani mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, za mwaka 2018 kwa sababu viwanja havikuwa tayari, zikapelekwa Morocco. Mwaka 2024 Harambee Stars walilazimika kucheza michezo yao ya nyumbani ya kufuzu Kombe la Dunia katika mji wa Lilongwe, Malawi, na baadaye wakawapokea Zimbabwe katika uwanja wa Namboole, Kampala, kwa kuwa viwanja vyao vikuu vilikuwa katika ukarabati. Cameroon walijenga Japoma mjini Douala, uwanja wa kuvutia kweli, lakini fainali za mapema mwaka 2022 zilipofika mwishoni, nusu fainali iliyopangwa kuchezwa pale ikahamishiwa Yaoundé kwa sababu nyasi hazikuwa katika hali nzuri. Septemba 2023, miezi minne tu kabla ya fainali zilizofanyika kwao, Ivory Coast walicheza mchezo wa kirafiki na Mali katika uwanja mpya wa Ebimpé, mvua ikanyesha, maji yakasimama, na mchezo ukavunjika. Heri yao kwamba aibu ile iliwakuta mapema, kwani walipata nafasi ya kuifumua ile sehemu ya kuchezea na kuitengeneza upya. Sisi pia tulionywa mapema Machi 2025, na tulionyesha kwamba tunaweza, maana Agosti ya mwaka huohuo Mkapa iliifungua michuano ya CHAN kwa ushindi wa Taifa Stars wa 2-0 dhidi ya Burkina Faso, na timu yetu ikafika robo fainali. Swali langu ni moja: kwa nini tungoje tufungiwe ndipo tuanze kumwagilia?

Nije kwenye viwanja vya mazoezi. Kanuni za mashindano makubwa huwataka waandaaji wawe na viwanja vya mazoezi kwa kila timu inayokuja, na kwa Dar es Salaam tumeshuhudia maeneo kama Leaders Club na Gymkhana yakiandaliwa kwa kazi hiyo. Huo ni utajiri ambao haujasemwa vya kutosha. Uwanja wa mazoezi hauhitaji jukwaa. Unahitaji nyasi nzuri, maji, uzio, choo safi, chumba cha kubadilishia nguo na taa za wastani, na gharama yake ukilinganisha na uwanja wa watazamaji 30,000 ni ndogo sana. Lakini fainali zikiisha, nani atavitumia? Ningependa Wizara itangaze mapema, kwa maandishi, kwamba viwanja hivyo vitakabidhiwa kwa ratiba maalumu shule za jirani, timu za wasichana na vituo vya kulelea vipaji, na kwamba havitakodishwa kwa sherehe za harusi. Mtoto wa Mbagala au Gongo la Mboto anayecheza chandimu kwenye kichochoro ana haki ya kukanyaga nyasi nzuri kabla hajafika umri wa kusajiliwa. Shirikisho letu la soka limeonyesha njia kwa vituo vyake vya Kigamboni na Mnyanjani, Tanga, vilivyojengwa kwa msaada wa FIFA, na Kituo cha Kidongo Chekundu kimethibitisha tangu mwaka 2015 kwamba kiwanja kizuri katikati ya jiji hakikosi watoto hata siku moja.

Huko mikoani suala lina sura nyingine. Viwanja vingi tunavyovitegemea kwa ligi, kuanzia Sokoine wa Mbeya na CCM Kirumba wa Mwanza hadi Jamhuri wa hapa kwetu Morogoro, ni mali ya Chama cha Mapinduzi, na sisi wenye mvi tunakumbuka kwamba vilijengwa enzi za chama kimoja kwa michango na nguvu za wananchi wote. Sioni faida ya kuanzisha ubishi wa umiliki katika barua hii. Ninachoona ni kwamba Serikali huogopa kuweka fedha nyingi za umma katika mali ambayo si yake, chama hakina fedha ya kutosha kuvikarabati vyote, na timu zinaendelea kucheza kwenye vumbi. Pande mbili zikae, ziandikiane mkataba wa muda mrefu utakaoruhusu halmashauri au Baraza la Michezo la Taifa kuvitunza viwanja hivyo huku mwenyewe akibaki na hati yake. Bukoba wanao Kaitaba, ulio chini ya manispaa, uliowekewa nyasi bandia kwa msaada wa FIFA, na tangu hapo wameepukana na matope ya mvua za Kagera. Nyasi bandia nazo zina masharti yake, huchakaa na huwa na joto kali mchana, lakini kwa uwanja unaotumiwa na shule, mitaa na timu ya ligi kwa pamoja kutwa nzima, nadhani ndizo zinazofaa, na msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani uliotolewa kuanzia mwaka 2021 kwa nyasi hizo ulikuwa uamuzi wa busara.

Niseme pia neno kuhusu riadha, maana tunaposema viwanja vya taifa akili zetu hukimbilia soka peke yake. Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha, nusu karne baada ya Filbert Bayi kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Wakimbiaji wetu wanajifua kwenye barabara za Arusha na Manyara, pembeni ya malori. Kama Arusha inapata uwanja wa mabilioni, basi jirani yake upatikane uwanja wa mazoezi wenye njia ya tartani ulio wazi kwa wakimbiaji alfajiri, bila kibali cha mtu yeyote na bila kiingilio.

Kuhusu watu wa kuifanya kazi hii, hapa Morogoro tunacho Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chenye wataalamu wa udongo, wa maji na wa mimea, na kule Malya, wilayani Kwimba, tunacho Chuo cha Maendeleo ya Michezo. Sielewi kwa nini vyuo hivi viwili visiletwe pamoja kuanzisha mafunzo ya utunzaji wa viwanja, ili kijana ahitimu akiwa na cheti kinachotambuliwa na aajiriwe kwa mshahara unaofanana na uzito wa kazi yake. Leo mtunza uwanja katika halmashauri nyingi ni kibarua aliyepewa fyekeo. Mwaka 2023 Rais alianza kutoa shilingi milioni tano kwa kila goli lililofungwa na Simba na Yanga katika mashindano ya CAF, na vijana waliitikia kwa magoli. Ningefurahi kuona motisha kama hiyo, hata iwe ndogo kiasi gani, ikimfikia yule anayeamka saa kumi alfajiri kumwagilia mahali goli hilo lilipofungiwa.

Fedha za kuendesha jambo hili zipo, kama tutakubali kuzipangia kazi. Sehemu ya kodi inayotokana na michezo ya kubashiri huingia katika Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, na vijana wetu wanabashiri sana, kwa masikitiko yangu kama mwalimu. Itengwe humo asilimia inayojulikana kwa ajili ya eneo la kuchezea tu, isiguswe kwa safari wala semina. Mapato ya mlangoni ya kila mchezo unaochezwa Mkapa nayo yakatwe kiasi kidogo kiingie katika akaunti hiyohiyo, na hesabu yake ibandikwe gazetini kila robo mwaka. Mikataba ya ujenzi wa Arusha na Dodoma iwe na kipengele kinachomfunga mkandarasi kubaki na wataalamu wake wa nyasi kwa misimu kadhaa baada ya kukabidhi, wakiwafundisha vijana wetu kazini. Na kabla ya kila masika Wizara itangaze kalenda ya mapumziko ya uwanja wa Mkapa, itakayoheshimiwa na klabu, na viongozi wa dini, na waandaaji wa matamasha, na Serikali yenyewe.

Bado ninalo daftari nililokuwa nikiandika tarehe za mvua, za kukata, za kumwaga mchanga na za kuufunga uwanja wa shule yetu, mwaka hadi mwaka. Limechakaa na kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, lakini yatokeayo katika udongo wa Morogoro wakati wa masika yameandikwa humo. Yeyote atakayekabidhiwa nyasi za Uwanja wa Jamhuri, akilihitaji, nitampelekea mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu wa michezo,
Morogoro.